Mapacha, Mti wa Krismasi na Tochi Nne

Mimi kitu cha kunishangaza hakipo. Niliingia kwenye uchimbaji nikiwa na darasa la nne na kaptura moja. Nimeshuka kwa kamba kwenye duara, shimo refu la wachimbaji, mpaka ukitazama juu mbingu inakuwa kama kisahani. Leo nina karasha mbili za kusaga mawe hapa Geita, na nyumba yenye dari la jipsamu jeupe ambalo wageni hulitazama kabla hawajanisalimia. Kwa hiyo mke wangu aliposema kupiga picha ya watoto ndani ya nyumba si mchezo, nilicheka.

Picha yenyewe ilikuwa ya kumpelekea mama yangu anayeishi Tinde. Goti lilimkatalia kusafiri, na mapacha wetu alikuwa hajawaona tangu wakiwa wa kubebwa. Krismasi iliyotangulia nilimpelekea picha, nimewasimamisha mbele ya dirisha. Akapiga simu. "Ng'wana wane, nimeona dirisha, nimeona na mbuzi wa jirani. Watoto wako wapi?" Kweli, sura zao zilitoka nyeusi tii. Maneno yale yalinikaa mwaka mzima. Safari hii nilitaka mama aone pua, aone na meno.

Mti nilinunua wa plastiki, mrefu kunizidi, una taa ndogo za rangi. Mchana wa kuamkia Krismasi nikawasimamisha watoto pembeni yake, nikapiga na mwanga wa simu. Wakatoka kama wametumbukia kwenye unga, macho mekundu, vivuli viwili vikubwa ukutani. Taa za mti hazionekani hata moja. Kichaka tu.

Nikasema mwanga hautoshi. Nikaleta tochi nne za kichwani, zile za wachimbaji wangu, nikazifunga kwenye migongo ya viti, zote zikiwatazama watoto. Mmoja akafumba macho. Mwenzake akaanza kulia.

Mke wangu alikuwa mlangoni anamenya vitunguu vya pilau. "Baba watoto, kule chini huwa mnamulikana usoni?"

"Thubutu. Ukimmulika mtu usoni atakutukana mpaka ukoo. Tochi unaielekeza kwenye mwamba, mwanga unarudi taratibu, mnaonana wote."

"Sasa hawa wamekukosea nini?"

Miaka yote ile chini ya ardhi, halafu nafundishwa na mtu ambaye hajashuka hata kisimani. Sawa, hapo nilishangaa kidogo.

Nikageuza tochi zote juu, kwenye jipsamu langu. Mwanga ukashuka chumba kizima, laini, kama maziwa. Mke wangu akavuta mapazia, akawasogeza watoto karibu na mti mpaka rangi za taa zikawagusa mashavuni. Akaniambia nishuke usawa wao. Nikalala kifudifudi sakafuni, na kitambi hiki kikawa kinanibembeza kama mtumbwi. Watoto walipokiona, kilio kikageuka kicheko, na hapo hapo nikabonyeza.

Ilitoka picha mimi mwenyewe niliikodolea macho. Ngozi zao zile zile za kahawia, meno yote, na kila taa ya mti inaonekana. Nikaikimbiza stationari ikachapwa, ikawekwa fremu, nikamkabidhi konda wa basi linalopita Tinde.

Asubuhi ya Krismasi mama akapiga.

"Shikamoo mayu."

"Marahaba. Nimewaona. Huyu wa upande wa kulia anacheka kama marehemu baba yako. Sasa mimi sauti ya kicheko chake nitaisikiaje kwenye karatasi? Walete."

"Mayu, leo sikukuu, pilau iko jikoni."

"Njooni nayo."

Tukapakia sufuria, watoto, na mti juu ya gari, umefungwa kamba. Saa tisa alasiri mama alikuwa amempakata mmoja kwenye goti lile zima, mwingine akimchekea sikioni. Nikapiga hesabu ya kicheko kile: kuchapa picha na fremu elfu kumi, konda elfu tatu, mafuta kwenda na kurudi laki na thelathini na tano, soda za njiani elfu sita na mia tano. Jumla shilingi laki moja, hamsini na nne elfu na mia tano.