Udongo Mwekundu wa Gesti

Sisi mafundi bustani tuna ujanja wetu. Ukimaliza kupanda ukoka, udongo uliobaki unaufagilia kwenye mtaro wa maji ya mvua. Kwa mteja panang'aa, anakusifia. Hata gesti moja ya Kariakoo nilifagia hivyohivyo udongo mwekundu uliobaki. Mwenzangu akasema tuujaze kwenye viroba tuondoke nao. Nikamjibu, "Kwani we umeajiriwa na mtaro?" Tukacheka.

Mchana mvua ikashuka. Ilipokatika nikaenda kula kwa mama ntilie wangu, mtaa wa pili, yule anayenibakizia ukoko kila siku. Nikamkuta anachota maji kibandani kwa sufuria. Mtaro umeziba, umemtapikia ndani. Mkaa umelowa, unga wa chapati umegeuka uji. Na kila kitu kimejaa udongo mwekundu wenye vipande vya ukoka. Nikautambua palepale.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu ona! Sijui nani kaniziba mtaro. Namwachia Mungu."

Nikaazima beleshi, nikauzibua mtaro, yeye kasimama nyuma yangu ananiombea: "Mungu akulipe sawasawa na ulichonifanyia."

Hiyo dua ndiyo inanitisha. Siku hizi viroba nabeba mwenyewe, hata punje siachi. Ila mvua ikianza tu, naisikia ile sufuria inakwangua sakafu. Ukoko bado ananibakizia, na mimi bado sijamwambia.