Pumzi za Baba kwenye Nota za Mjapani

Majivu na ndimu. Ndiyo harufu ya nyumba yetu juu ya Tengeru kila ilipokaribia Pasaka, maana kwa hayo tulisugua tarumbeta la baba mpaka ukaona meno yako ndani yake. Lilikuwa la besi, kubwa kama ndama, na baba alilipuliza kanisani tangu kabla sijazaliwa. Sisi Walutheri wa Mlima Meru tunazika nyumbani, kwenye migomba, na alfajiri ya Pasaka wapulizaji walipita boma kwa boma kuwapigia wafu kwamba Bwana amefufuka. Kaburi lisilopigiwa ni la mtu asiye na watu wake. Mwaka ninaousema, kaburi la mama lilikuwa bado bichi, na kifua cha baba kilikuwa kimekwisha. Kupanda tu kutoka mferejini alikaa chini njiani. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini baba angeficha nini, wakati kifua kilisikika kwa jirani kama mlango mbovu? Alitaka kitu kimoja tu: kumpigia mama Pasaka ile. Mimi, binti yake wa pekee, niliomba aweze, na niliogopa kwamba akiweza atakufa.

Mvua zilipoanza akaja Bwana Haruo, Mjapani, mgeni wa mchungaji wetu. Kwao alikuwa mtunzi, aliyewaandikia muziki wapigaji wanaojaa jukwaa zima. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini akikaa jikoni na bakuli la loshoro, ule uji wetu wa mahindi na maziwa ya mgando, alieleweka. Alimweleza baba kwamba utotoni mji wao uliungua vitani, na asubuhi yake alimwita mama yake kwenye kifusi, asijibiwe. Muziki wake wote, alisema, ni kule kungoja ajibiwe. Wapigaji wanapiga kidogo, wananyamaza, wanazidi kunyamaza, mpaka watu ukumbini wanakohoa kwa aibu. Magazeti yalimtukana kwamba anauza ukimya. Mwishowe hata huo ukamwishia, akawa haandiki kitu, ndipo akaja kujificha kwetu.

Alipomsikia baba akipumua, akaweka bakuli chini, akatega sikio mgongoni kwake. Akarudi kesho yake, na keshokutwa. Watu wakacheka kwamba Mjapani amekuwa daktari. Baba akasema, "Wa hospitali alisikiliza mara moja akanipa vidonge. Huyu anasikiliza kila siku na hanipi kitu. Namwamini zaidi huyu." Kumbe alikuwa anapima pumzi. Akaandika wimbo wa kaburi la mama: baba anapiga sauti fupi za chini, kisha wote wananyamaza muda wa kifua chake kujaa, kisha baba peke yake anatoa sauti moja ndefu, na wimbo umekwisha.

Baba mkubwa Anaeli, kaka yake baba na kiongozi wa matarumbeta, hakuupenda. "Nota zina matundu kama shati la mlevi," alisema. "Watu watadhani tumesahau."

"Kaka, kwenye hayo matundu ndipo nitakapopumulia."

Alfajiri ya Pasaka tukasimama kaburini, manyunyu yakidondoka kwenye majani ya migomba. Baba akapiga zile sauti fupi, sawasawa kabisa. Kimya kikaingia. Nikaona mabega yake yanapanda polepole, anajaza. Wanawake wakatazamana. Mmoja akanong'ona, "Masikini, pumzi imekata." Na kwetu mwenzako akikwama kwenye wimbo humwachi aaibike, unaudaka. Baba mkubwa aliijua nota, lakini aliposikia mnong'ono ule akaudaka. Akapuliza ule wimbo wa ufufuo ambao hata mtoto anaujua, matarumbeta yote yakafuata, watu wakaimba kwa nguvu kumfunika baba.

Baba alikuwa na kifua kimejaa, tarumbeta mdomoni, na hapakuwa na mahali pa kuitoa ile sauti. Akaishikilia mpaka uso ukawa kijivu, kisha ikamtoka kwa kikohozi. Bwana Haruo aliinama tu akatazama udongo. Baba mkubwa alikuja analia kwa furaha. "Nimekuokoa, mdogo wangu."

"Asante, kaka," baba akasema.

Hakulishika tena tarumbeta. Kahawa ilikuwa haijaiva tulipomzika kando ya mama, na siku hiyo wapulizaji walipiga bila kupumzika.

Mimi niliishia darasa la nne. Wajukuu zangu wamesoma mpaka nimechoka kuwataja, ingawa nawataja kila mahali. Juzi mmoja wao, muuguzi hapo mjini Arusha, alinitafutia kwenye simu muziki wa Bwana Haruo. Ulipofika kwenye kimya akausukuma mbele. "Bibi, mtandao umekata." Nikamwambia arudishe. Akarudisha, na kilipofika tena akaanza kunipigisha stori za kazini ili nisichoke kungoja. Wananipenda, sina shaka. Zamani kijiji kizima kilishindwa kunyamaza kidogo tu. Leo nyumba nzima inashindwa. Nami kifua kimeanza kuniziba katikati ya maneno, na kabla sijapata pumzi, mtu ameshanimalizia sentensi, na si hiyo niliyotaka kusema.