Herufi Nilizoweza Kutamka

Kwa miaka minne jina langu la hewani lilinitesa. Hiyo ilikuwa miaka ya tisini, nikiwa fundi wa umeme kwenye kiwanda cha majani chai upande wa Kapsoit. Nilikuwa na leseni ya redio ya kuongea na watu wa mbali, si kwa biashara, kwa kupenda tu. Kila mwenye leseni hupewa herufi zake, na hizo ndizo huitwa nazo. Zangu ziliishia na B, P, D. Ili herufi zisikike vizuri, kila moja ina neno lake: Bravo, Papa, Delta.

Mimi ni Mkipsigis. Kinywani mwangu B na P ni mapacha, D na T vilevile. Shuleni mwalimu mmoja alikuwa akinisimamisha niseme "baba" na "papa" mpaka darasa lichoke kucheka, nami nikajifunza kunyamaza. Lakini hewani huwezi kunyamaza. Jumapili, mitambo ya kiwanda ikiwa imezimwa na redio haina mngurumo, nilikuwa nikiita, mtu akajibu, na swali lake la kwanza lilikuwa lile lile: "Bravo au Papa? Rudia." Baada ya kurudia mara tatu, wengine waliniaga kwa heshima wakaenda zao.

Jumapili moja niliongea na mzee wa Finland karibu nusu saa. Aliahidi kunitumia kadi ya ukumbusho, kama ilivyo desturi yetu. Kadi ikaenda kwa mwenzetu wa Nairobi ambaye herufi zake zilikuwa P, B, T. Yeye ndiye aliyenitumia, pamoja na barua fupi: "Ndugu, hii ni yako. Si vibaya kuomba herufi nyingine. Ukiwaandikia wanaotoa leseni, wanakubali."

Niliificha barua ile. Kubadilisha niliona ni kama kukiri kwamba yule mwalimu alikuwa na haki ya kunicheka. Siku ya tatu mke wangu akaipata kwenye mfuko wa ovaroli akienda kuifua. Yeye ni Mkisii, wazazi wake walikuja huku kuchuma chai. Aliisoma yote, akaniita.

"Ingia chumbani, ufunge mlango," akasema. "Uniambie herufi zote, lakini uzichanganye. Mimi nitaandika vile nasikia."

"Ya nini sasa?"

"Wewe ingia tu."

Nikaketi kitandani nikazisoma kwa sauti, moja moja, jasho likinitoka kama mtu aliye kwenye mtihani. Nilipotoka, karatasi ilikuwa mezani karibu na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha. Tuliilinganisha na orodha niliyosoma. Alizokosea kusikia alizipiga mstari. Zilikuwa sita.

"Ni hizi tu," akasema. "Zingine zote unasema sawa."

Niliiangalia tena ile karatasi. Tangu utotoni niliamini kwamba siwezi kuongea vizuri, kumbe taabu yote ilikuwa herufi sita. Nilitaka kucheka, lakini machozi ndiyo yalitangulia, nikajifanya naangalia nje.

Tukaanza kuchagua. Nilipenda W. Akauliza neno lake ni gani.

"Whisky."

"Umetoka kanisani Jumapili, halafu uitangazie dunia whisky? Hapana."

Nikataja L, yaani Lima. Akajaribu kuitamka, ikatoka "Rima". Akatabasamu mwenyewe. "Hiyo nayo toa. Siku moja nitataka kukuita hapo kwa redio." Mwishowe tukabaki na S, M na O. Sierra, Mike, Oscar. Nikaandika ombi jioni hiyo hiyo.

Jibu lilikawia wiki saba, na kila siku niliuliza barua kwa karani wa ofisi ya kiwanda mpaka akanichoka. Lilipokuja, walikuwa wamekubali.

Jumapili iliyofuata niliwasha redio, nikaita mara moja. Sauti ya mwanamke kutoka Afrika Kusini ikanirudishia herufi zangu zote tatu, sawasawa, kisha akauliza hali ya hewa. Hakusema rudia. Mabega yangu yalishuka, nikamwambia mvua imenyesha wiki nzima na chai imechipua sana. Baada yake niliongea na watu wengine watatu. Mke wangu alipita na ndoo, akanisikiliza kidogo mlangoni, akaenda kukamua ng'ombe bila kunikumbusha kwamba ilikuwa zamu yangu.