Kisu Kwenye Mti wa Oreteti

Mwalimu wangu wa kwanza wa kurusha kisu alikuwa mkata mkonge mwenzangu, katika shamba moja nje ya Korogwe. Alinizidi umri, nikimwamkia shikamoo kila asubuhi hata kama jana yake kanitukana. Yeye alikuwa mtu wa vipimo. Unashika bapa, unahesabu hatua nne kutoka kwenye gogo, unaachia kisu kijizungushe nusu mzunguko kiingie kwa ncha. Ukiongeza hatua moja tu, kinagonga kwa mpini. Nilimwambia hiyo ni kazi ya seremala, si mchezo. Akanijibu kwamba mdomo wangu ungekuwa kisu, mkonge wote ungekwisha kukatwa.

Mkonge ulipodorora, shamba likapunguza watu. Nikaandikishwa kwenye kijiji kipya cha ujamaa, upande mkavu wa Handeni, na lori likanishusha pale na godoro, sufuria na jembe. Majirani hawakuwa na ubaya, lakini tukitoka shamba la pamoja kila mmoja alirudi kwa mkewe na Kizigua chake. Mimi sikuwa na mke wala Kizigua. Wazazi wangu walikuja kutoka mbali kufuata kazi ya mkonge, wakafia huko huko. Jumapili niliweza kumaliza siku nzima nikiongea na kuku tu. Kuna siku nililia, mimi na ndevu zangu.

Basi nikawa narusha kisu nyuma ya nyumba. Mfugaji mmoja wa Kimasai, wa rika langu, alikuwa akipitisha ng'ombe pale kwenda kunywesha. Siku moja akasimama, akanitazama ninavyopima hatua, akacheka mpaka akaegemea fimbo.

"Ndugu, na fisi akija, atakusubiri umalize kuhesabu?"

Akanifundisha yake. Unashika mpini, kidole gumba juu ya mgongo wa kisu, unakisukuma kama mkuki huku unatembea, na kisu hakizunguki. Nilibishana naye wiki nzima, maana kubisha ndiyo tabia yangu. Kwa hatua nne, mtindo wa yule mkata mkonge ulishinda wake. Lakini shabaha ikiwa haijapimwa, mfugaji alipatia na mimi nikaokota kisu majanini. Alinitengea gogo la mgunga, gumu ajabu, kisu kilikuwa kinadunda. Akaniambia nikipatia mara tano mfululizo kwa mtindo wake, atanipeleka bomani kwao, ninywe maziwa na ndugu zake.

Sijui kama alijua alichoniahidi. Tangu nifike Handeni hakuna aliyenikaribisha kwake. Nilianza kuota ninavyoingia bomani, watu wananisogezea kigoda.

Mgunga ulinikatalia. Nilipata mbili, nikapata tatu, ya nne ikadunda. Nikaona nijitafutie mti laini. Njiani kwao kulikuwa na mti mkubwa wenye utomvu mweupe, na kisu kiliingia kwenye gome lake bila shida. Nikafanya mazoezi pale siku tatu. Alipopita na ng'ombe nikamwita, nikarusha mbele yake: moja, mbili, tatu, nne, tano. Nikageuka nikiwa nimejaa kicheko.

Yeye hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama gome, lilivyochanika na utomvu ulivyochuruzika hadi kwenye mizizi. Akachomoa kisu changu taratibu, akakiweka chini. Akang'oa majani mabichi, akayapachika kwenye kila kidonda, huku akisema maneno ya Kimaa, akiuambia mti, si mimi.

"Huu ni oreteti, mti wetu mtakatifu," akasema. "Hapa mama yangu aliniombea nizaliwe. Ungeniuliza."

Sikujua. Lakini badala ya kumwomba radhi, maneno pekee yaliyokuwa yananijia kichwani ni kwamba nimepatia zote tano, mbona hasemi. Akapiga mluzi, ng'ombe wakaondoka.

Kuanzia siku iliyofuata walipitia upande mwingine wa kilima. Niliona vumbi lao. Boma lilikuwa mwendo wa saa moja tu, na njia niliijua. Ningeweza kwenda, nikasimama mlangoni nikamwomba radhi. Nilikaa kijijini pale miaka minne zaidi, nikimsubiri yeye aje kunichukua.