Mirija Sita, Midomo Arobaini

Kosa langu la kwanza, kipindupindu kilipotukaribia, lilikuwa kuwaita watu arobaini mahali pamoja ili wajadili kama ni vizuri watu kukaa pamoja. Niliwaitia uani kwa shangazi yangu, kwenye mtungi wa pombe.

Najitetea kidogo. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, na ukatibu wa kijiji chetu, huku Kagerankanda, niliupata kwa sababu hakuna mwingine aliyeutaka. Shule niliishia darasa la nne. Mengine nilijifundisha kwa vipande vya magazeti yaliyofungiwa sukari, ndiyo maana habari nyingi za dunia nazijua nusu. Barua ya mistari mitano niliiandika mara tisa. Nikikumbuka kosa baada ya kuituma, chakula hakipiti.

Ugonjwa ulikuwa bado uko vijiji vya ziwani, na habari zake tulizipata kwa wapanda malori. Kibondo walikuwa wamekwisha kufunga soko. Kwetu, Bwana Afya alikuja na baiskeli kutoka Kasulu akasema kijiji kitoe maoni yake kwa maandishi: soko na pombe vifungwe, au viendelee kwa masharti ya kuchemsha maji na kuacha mrija. Angerudi baada ya siku tatu.

Mrija ndio uliokuwa tatizo. Kwetu pombe ya ndizi haimiminwi. Mtungi unawekwa katikati, watu wanauzunguka, mirija inapita mdomo kwa mdomo. Mwenye nyumba anavuta wa kwanza, mumwone hajaanguka. Ukija na kikombe chako mwenyewe, umewatangazia wote kwamba mwenye nyumba ni mchawi anayetia sumu, na neno hilo wajukuu wako watalikuta. Tena hakuna jambo zito linalojadiliwa watu wakiwa na koo kavu. Kwa hiyo nilifanya kama ilivyo desturi.

Shangazi alikuwa mjane anayeishi kwa pombe. Wiki hiyo alikuwa na mtungi mmoja ulioiva, ndio huo wa mkutano, na mingine minne ya kuuza ambayo ingeiva kesho yake. Pombe ya ndizi haingoji. Siku moja au mbili tu, inakuwa siki. Mvua zilikuwa karibu na nyasi za paa lake zilikuwa zimeoza. Bati alilokuwa analitafuta lilikuwa ndani ya mitungi ile minne.

Watu walisema vizuri sana.

"Wafunge," alisema katekista, jirani yetu aliyekimbilia huku kutoka Burundi. "Mimi nimekwisha kukimbia mara moja. Nikiambiwa kifo kiko njiani, sibishani nacho."

"Wewe unalima maharage, mzee," alimjibu mwenye duka, Mwislamu aliyehamia kutoka Kasulu mjini, ambaye alikaa mbali na mtungi kwa ajili ya dini yake. "Maharage yanasubiri. Mimi pombe siigusi, lakini wanaonunua chumvi yangu ni hawa wanawake wanaouza pombe. Ukifunga mtungi umefunga duka."

"Kwani hicho kipindupindu kinatembea siku ya soko tu?" aliuliza mama muuza dagaa. "Siku nyingine kinalima?"

"Kinapanda gunia la dagaa wako," alisema katekista, akapokea mrija kutoka kwake, akavuta.

Nilikuwa naandika yote kwa mwandiko mzuri, ndipo Bwana Afya alipotokea, siku mbili kabla ya ahadi. Alisimama na baiskeli yake akatutazama: midomo arobaini, mirija sita, na mimi katikati nikiandika neno usafi.

"Ndugu Katibu, haya ndiyo maoni ya wananchi?"

"Ndiyo, Bwana Afya. Bado sijayanakili vizuri."

Alifunga pombe palepale. Soko, alisema, lingesubiri karatasi yangu. Shangazi alifunika mitungi yake minne kwa majani ya mgomba, akaniambia, "Mwanangu, umeandika vizuri. Sasa niezekee hiyo karatasi."

Nilimkimbilia Bwana Afya mlimani, nikamsukumia baiskeli huku nikimsihi. Alipochoka kunisikia alisema, "Nawapa siku mbili. Kila mtu na kikombe chake, kioshwe kwa maji yaliyochemka, na akishapimiwa akanywe kwake. Nikiona mrija mmoja, namwaga yote."

Nilitangaza kijiji kizima. Kesho yake hakuja mtu. Kila mmoja alingoja mwingine awe wa kwanza kumwita shangazi mchawi. Mimi nilikuwa na kikombe changu cha bati mfukoni siku nzima, nikapita mbele ya ua mara nne, na sikuthubutu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko ule mkutano.

Siku ya pili asubuhi alikuja mzee mmoja, binamu yake shangazi. Hao ni watani, wanaruhusiwa kutukanana hata msibani. Mkononi alikuwa na kikombe kipana kama karai.

"Mchawi, upo?"

"Nipo. Umekuja kufa?"

"Nimekuja kunywa. Ila mkono wako siuamini tangu utoto, nimeleta changu."

"Kioshe kwanza. Hicho ndicho kitakachoniua mimi."

Majirani walicheka. Neno lililoogopwa lilikuwa limekwisha kusemwa, na halikumdhuru mtu. Katekista akaenda mbio kwake kuchukua kikombe. Kutwa nzima nilimwagia vikombe maji ya moto, vidole vikababuka. Mitungi mitatu iliisha. Wa nne ulikuwa umegeuka siki, kwa sababu ya ile siku niliyoipoteza mimi, tukaumwaga migombani.

Maoni niliyopeleka yalikuwa mstari mmoja: wananchi wanaomba ugonjwa ufungwe na soko liachwe. Bwana Afya aliusoma, akafunga soko wiki kadhaa. Ugonjwa haukutufikia. Katekista anasema ni kwa sababu tulifunga. Muuza dagaa anasema haukuwa na nia ya kuja.

Siku hizi ukutani kwa shangazi kuna misumari, na kila mnywaji anatundika kikombe chake hapo. Mrija umebaki wa harusi. Nyumba yake ni nusu bati, nusu nyasi, na mvua ikinyesha mimi nakaa upande wa nyasi. Barua naandika mara mbili tu.