Chumba cha Mpunga

Daktari aliniwekea matone ya kupima mzio kwenye mkono, kila tone akalipitishia sindano ndogo, kisha akaniambia nisubiri na nisijikune. Nisijikune! Chini ya tone moja ngozi ilikuwa imeshavimba na inawasha kama upupu.

"Hilo ni la wadudu wa vumbi la nafaka," akasema. "Hawaonekani kwa macho. Mpunga nyumbani mnauweka wapi?"

Nikacheka. Ifakara hilo nalo ni swali? Mpunga tunalala nao chumbani, magunia yamepangwa hadi karibu na dari, tunasubiri bei ipande. Ukiuacha nje umewapa wezi.

"Na nani analala humo?"

Kicheko kikakatika. Ni mimi. Tangu utotoni, kifua kikibana, mama hunihamishia chumba cha mpunga kwa sababu ndicho chenye joto. Pumu inaletwa na baridi, kwetu kila mtu anajua hivyo. Kadiri nilivyozidiwa ndivyo alivyozidi kuziba dirisha. Na mimi mwalimu mzima, ninayefundisha watoto habari za hewa safi, sikuwahi kujiuliza kwa nini nikienda kwa shangazi huko Mang'ula, asiyeweka mpunga ndani, napona. Nilipigwa na butwaa hadi daktari akalazimika kurudia maelezo ya dawa: hii ni ya kuvuta kila siku, hata nikijisikia mzima, si ya kungoja hadi roho ifike kooni.

Nilipofika nyumbani Lipangalala nilimwamkia mama, nikamweleza yote. Akawaka.

"Mpunga? Huu huu uliokusomesha, leo ndio unakuua? Madaktari wa siku hizi wana maneno!"

Nikamwonyesha mkono. Alama nyekundu ilikuwa bado ipo. Aliipapasa kwa kidole gumba, akauachia mkono wangu, akaingia chumbani. Nikasikia gunia likiburutwa. Nilipomfuata nimsaidie, akanizuia mlangoni nisivute vumbi. Nilifurahi kwamba ameelewa.

Halafu akaacha kuburuta, akakaa juu ya gunia.

"Na kaka yako?" akauliza.

Kaka yangu alikufa kwa pumu kabla sijazaliwa, humo humo chumbani, mama akiwa amemfunika blanketi na kuziba dirisha kwa kanga.

"Sijui, mama," nikasema. "Nikirudi kliniki nitamuuliza daktari."

"Usimuulize," akasema.