Shoga Yangu Alishinda Bahati Nasibu, Nikasema Droo Imeibwa

Mbaya wa habari hii ni mimi. Nasema mapema, msije mkahangaika kumtafuta. Nimemponza mtu ambaye hakunikosea kitu, tena mtu aliyekuwa akinipa siri zake zote, na sababu ni moja tu: wivu! Jina langu silitaji. Hapa mtaani Ngamiani nimeshasemwa vya kutosha.

Mimi ni mtalaka, nashona madera barazani kwangu. Jirani yangu, ukuta kwa ukuta, nitamwita Saumu. Yeye anauza mihogo ya nazi asubuhi. Tumesoma chuo kimoja cha Kurani, na uzazi wangu wa kwanza yeye ndiye aliyenikanda kwa maji ya moto siku arobaini. Ndugu wa tumbo moja asingenifanyia zaidi.

Sasa mchezaji wa bahati nasibu nilikuwa mimi, si yeye. Miaka miwili! Kila wiki natuma hela kwa simu, nachagua tarehe walizozaliwa wanangu, nakaa naota nyumba ya tofali na friji la milango miwili. Sijapata hata ya kununulia chumvi. Saumu alikuwa akinicheka tu.

Siku moja yuko barazani kwangu anachambua mchicha. Nikamwambia, "Na weye cheza basi, shoga. Waogopa nini?"

"Si haramu hii?"

"Haramu kuiba. Lete simu."

Namba alizitaja ovyo ovyo, macho yako kwenye mchicha wake, kama mtu anayehesabu mafungu sokoni. Nikambonyezea mimi mwenyewe, kwa kidole changu hiki, maana yeye hata kutuma hela kwa simu hajui.

Jumamosi yake mchana droo ikatoka. Nilikuwa nimeegemeza simu juu ya cherehani, naangalia vile vimpira vyenye namba vinavyorukaruka kwenye mtambo. Zangu hazikutoka. Mara nikasikia ukelele ng'ambo ya ukuta. Nikadhani nyoka! Nikatoka mbio na mkasi mkononi, nikamkuta Saumu kaketi sakafuni, ujumbe wa ushindi uko kwenye simu yake, analia huku anacheka. Milioni ishirini!

Nikapiga vigelegele. Wallahi wa kwanza kuvipiga ni mimi, mpaka mtaa ukajaa. Mdomo unapiga vigelegele na roho inanyongeka. Mara yake ya kwanza tu, jamani! Kwa nini yeye? Kwa nini si mimi niliyemfundisha?

Toka siku hiyo sikuwa mtu. Akiniletea mihogo, nasema ananionea huruma. Asiponiletea, nasema ameshaanza maringo. Akikohoa, naona hata kikohozi chenyewe ni cha mtu mwenye pesa. Na pesa zenyewe zilikuwa bado hazijatoka! Hajanunua hata kanga mpya, lakini macho yangu yalikuwa yanamwona amejaa dhahabu mpaka kiwikoni.

Na alinieleza anazitakia nini, hapa ndipo dhambi yangu ilipo. Mama yake alikuwa anaishi Maramba, kwenye shamba la machungwa alikoolewa akiwa msichana. Miti mingi kaipanda kwa mikono yake. Mume alipofariki, shamba likabaki la ukoo wa mume, na baba mdogo wa Saumu akasema analiuza. Alimpa Saumu mpaka mwisho wa mwezi. Akileta bei anayotaka, shamba lake. Asipoleta, kuna mteja anangoja.

"Pesa ikitoka tu nakwenda Maramba siku hiyohiyo," Saumu aliniambia, kanishika mkono. "Nataka mama afie kwake."

Kwa hiyo msiseme sikujua. Nilijua kila kitu.

Neno lenyewe lilianza dogo. Tuna mchezo wetu wa wanawake kumi na watano. Kila wiki tunatoa, mmoja anachukua zote, na mwanzoni mwa mwaka tunaokota vikaratasi kwenye bakuli kujua nani wa kwanza na nani wa mwisho. Kijumbe, yaani mshika mchezo na mkunja vikaratasi, nilikuwa mimi. Desturi yetu kijumbe anaokota kabla ya wote, kwa sababu yeye ndiye anayebeba lawama mwenzao akikimbia. Miaka mitatu mfululizo nilikuwa naokota namba moja. "Weye una nyota!" wenzangu walikuwa wakisema, nami nacheka.

Siku hiyo tumekaa kutoa pesa, Saumu hayupo. Mmoja akasema, "Lakini Saumu naye ana bahati, jamani!"

Nikacheka puani. "Bahati? Mwanawe kule Dar yuko kazi wapi, mwajua?"

Basi, sikuongeza neno. Waliongeza wenyewe! Mtoto wa Saumu anafagia kwenye jengo ambalo ofisi ya hiyo bahati nasibu ipo ghorofa ya juu. Anafagia ngazi, hata si mtu wao. Mpaka alasiri habari imefika mtaa wa Nguvumali kwamba mtoto ndiye anayewasha mtambo. Na watu waliamini upesi, maana kila mtu ana vihela vyake vilivyoliwa na zile namba. "Miye nlisema! Zile droo zapangwa zile!" Kila aliyewahi kukosa alipata wa kumlaumu.

Mtaniuliza, wewe mwenyewe uliamini? Niliamini, ndiyo! Sikuwa na hata chembe ya ushahidi, lakini moyoni nilikuwa na hakika kabisa kwamba hakuna droo duniani isiyoguswa na mkono wa mtu. Kwa nini nilikuwa na hakika hivyo, mtaona wenyewe.

Nikapiga simu ofisi ya bahati nasibu. Nikataja jina la mtoto, jina la mama, kila kitu. Sauti ilinitoka kama ya mpenda haki! Yule aliyepokea akasema wana utaratibu, lalamiko la namna hiyo likija malipo yanasimama mpaka wachunguze. Nikamshukuru. Nikakata simu, nikashona madera mawili bila kuinuka, roho imetulia tuli. Roho ilinitulia! Astaghfirullah!

Saumu alikuja kwangu analia. "Shoga, kuna mtu kanichongea. Pesa wamezizuia. Nani anichukiaye hivi?"

Nikampa maji ya kunywa. Nikamwambia avute subira, Mungu yupo. Ulimi huu huu!

Mwezi ukaisha na pesa hazijatoka. Saumu alikwenda Maramba mikono mitupu kumwomba baba mdogo wiki mbili tu. Hakupewa. Alirudi jioni ileile, akaingia ndani akafunga mlango. Nilimwona nikiwa kwenye cherehani, na nawaapia sikuinua mguu kumfuata.

Siku kumi baadaye akaja dada mmoja kutoka huko bahati nasibu, kijana, mpole, na mkoba wa karatasi. Akaomba tukutane ofisi ya serikali ya mtaa, mbele ya mwenyekiti. Saumu akaitwa. Wenzangu wa mchezo nao wakaja karibu wote. Nilishawanong'oneza kwamba simu nimepiga mimi, nikawa shujaa wao, na wote walikuwa wananiambia, "Usiogope, sema, sisi tuko nyuma yako."

Yule dada akauliza, "Aliyelalamika ni nani?"

Nikasimama. Saumu akanitazama akatabasamu kidogo, na machozi yanamlenga. Masikini ya Mungu, alidhani nimesimama kumtetea!

"Ni mimi," nikasema.

Lile tabasamu lilivyomtoka usoni, sina maneno ya kulieleza.

"Sawa, mama," yule dada akasema. "Unadai droo iliibwa. Iliibwaje?"

Hapo ndipo wivu uliponipofusha. Ningesema sijui, tungeishia hapo! Lakini nilitaka kushinda. Nilitaka aibu iwe ya Saumu mbele ya watu.

"Mwanangu, kura yaibika," nikamwambia. "Nipe bakuli nikuonyeshe."

Mwenyekiti akaleta bakuli la plastiki. Nikachana karatasi kwenye daftari, nikaandika namba moja mpaka kumi na tano, nikavikunja, nikatia, nikakoroga. Nikafumba macho. Nikatia mkono, nikatoa namba moja. Nikakirudisha, nikakoroga tena, nikatoa namba moja. Mara ya tatu nikamwambia mwenyekiti akoroge yeye. Namba moja!

"Umeona?" nikasema, najipiga kifua. "Sasa kama miye mshona nguo naweza, wao na mitambo yao washindwe?"

Nilingoja wacheke, wapige makofi.

Bi Mwajuma, mkubwa wetu kwenye mchezo, akanyoosha mkono. "Hebu nipe hicho."

Akakikunjua polepole. Akachukua cha pili bakulini akakikunjua. "Hiki kimekunjwa mara nne," akasema. "Hivi vingine mara tatu. Kidole chakijua kabla ya jicho." Akaniangalia. "Miaka mitatu, mwanangu?"

Nikanyoosha mkono nikichukue kile kikaratasi, akakifumbata.

"Mwaka jana miye nliokota ya kumi na tano," Bi Mwajuma akasema. "Nkasema ndiyo riziki yangu. Nkangoja zamu yangu nnunue bati za paa, masika yakanikuta nalala chini ya turubai na wajukuu. Kumbe n'weye!"

Jamani, nilitamani sakafu inimeze! Miaka mitatu ya siri yangu nimeiweka mezani mwenyewe, kwa mikono yangu, nikiwaomba waitazame. Mtu asiyewahi kuiba kura asingejua kuonyesha vile. Ndiyo sababu nilikuwa na hakika kwamba kila droo imeibwa. Hakuna niliyemjua anayeiba kura isipokuwa mimi, na nikadhani dunia nzima ina mkono kama wangu.

Yule dada hakunifokea. Angenifokea ningepata nafuu. Alieleza tu kwa upole, jinsi vile vimpira vinavyopimwa uzito kabla, jinsi mtambo unavyofungwa kwa lakiri, jinsi watu wa nje wanavyosimama kushuhudia, na hakuna kidole cha mtu kinachoingia mle. Mtoto wa Saumu wamemchunguza, hajawahi hata kupanda ghorofa ile. "Na yeye alisimamishwa kazi mwezi mzima kwa ajili ya simu yako, mama," akasema. "Jumatatu anarudi." Akamgeukia Saumu akamwambia malipo yake yatatoka wiki hiyo.

Saumu aliuliza neno moja tu, na aliniuliza mimi, si yule dada. "Habari ya Maramba si nlikwambia mwenyewe?"

"Uliniambia," nikasema.

Akachukua mtandio wake akatoka. Hakunitukana. Mpaka leo natamani angenitukana.

Pesa zilitoka kweli, lakini shamba lilishaandikishwa jina la mtu mwingine. Saumu alikwenda na bei yote, akaongeza juu, yule mnunuzi akakataa. Alishaanza kukata miti.

Mchezo wamempa Bi Mwajuma, na mimi wamenitoa. Wateja wa madera nao wamehamia kwa fundi mwingine. Sawa, nimestahili! Hata nikipita na salamu zangu, naitikiwa kwa adabu ya watu wasionifahamu. Lakini hayo yote nayamudu.

Nisichokimudu ni mama. Saumu amemleta akae naye hapa Ngamiani, na asubuhi anamtoa barazani kabla ya kwenda na mihogo yake. Yule bibi macho yake ni hafifu, lakini akisikia cherehani yangu ananiita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Weye si ndiye shoga'ke Saumu? Hebu muulize, miye ntarejea lini kwangu? Machungwa yashaiva yale, yataoza chini bure."

Kila siku! Kila siku ya Mungu ananiuliza, na namjibu, "Karibuni, mama, karibuni." Hajaambiwa kama shamba limekwenda.

Siku moja nilimfuata Saumu, nikapiga magoti jikoni kwake, nikamwambia nitamweleza mama mwenyewe, aniapize, nipumue. Alikuwa anakuna nazi. Hakuinua kichwa.

"Usimwambie," akasema. "Akijua atakulaani, nawe u ukuta kwa ukuta na miye. Sitaki laana ya mama yangu ikae karibu na wanangu. Mjibu hivyohivyo unavyomjibu."

Ndiyo adhabu yangu hiyo. Namdanganya bibi wa watu kwa amri ya mwanawe, mchana kutwa, mpaka mmoja wetu afe.

Mwenzangu unayesoma, droo zenu sizijui, na zikiwa na kasoro wapo wa kuzichunguza. Mimi nakuonya jambo lililo ndani ya kifua chako. Siku shoga yako atakapopata na wewe ukakosa, roho ikakuchoma, ikae humo humo ikuchome wewe peke yako. Usiitoe nje ukaiita haki! Itakwenda mpaka mahali ambapo huwezi kuirudisha. Leo asubuhi yule mama amefunga kanga zake zote kwenye kifurushi, amekiweka mapajani, na amenituma nimtazamie kama gari la Maramba limefika.